Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Madaraka ya Rais



Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu katika Misa, tunaomba kwamba siku moja Kanisa limtangaze mwenyeheri, kisha tunasimuliana habari zake zile zile: mavazi yake ya kawaida, Misa za asubuhi, shamba lake la Butiama. Ni habari njema na za kweli. Kuna upande mmoja, hata hivyo, ambao tunaupita haraka, labda kwa sababu tunadhani ni wa wanasheria. Mwalimu alikuwapo katikati ya kila Katiba iliyoandikwa katika nchi hii tangu Uhuru hadi alipong'atuka. Katiba hizo zilimpa Rais madaraka makubwa mno. Yeye mwenyewe aliyashika kwa karibu miaka 23, na alipokaribia kuondoka ndipo yakaanza kuwekewa mipaka. Sisi tunaosoma falsafa tunaona kwamba sehemu hii ya maisha yake inastahili kusomwa taratibu kuliko tulivyozoea.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922, akaitwa Kambarage. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake ni Mugaya Nyang'ombe. Neno chifu hapa lisitupoteze. Sisi tuliokulia Ivuna na upande huu wa Songwe tunamjua mwene, ambaye kiti chake na heshima yake ni vya tangu zamani. Wazanaki hawakuwa hivyo. Kabla ya Wajerumani hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee pamoja na marika. Uchifu uliletwa na serikali ya kikoloni, iliyotaka kuwa na mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Kwa hiyo Kambarage alikua akiona mambo mawili kwa pamoja: boma la chifu, na wazee wanaozungumza mpaka wakubaliane. Hili la pili lilimkaa moyoni. Baadaye, alipokuwa akitetea siasa yake mbele ya Wazungu, alirudi kwa wazee hao mara nyingi.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora. (Alikuwa bado Tabora mwezi Desemba 1938 kimondo kilipoanguka kwetu Ivuna, jambo ambalo wanasayansi wa dunia wanalijua kuliko vijana wetu wengi.) Alibatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21, akachagua jina la Julius. Akasoma Makerere, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria Tabora, na kati ya mwaka 1949 na 1952 akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Miongoni mwa masomo aliyosoma huko yalikuwapo sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Aliporudi alimwoa Mama Maria, akafundisha Pugu, akaongoza kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa akaacha kazi. Jina la Mwalimu likabaki.

Tunafika sasa mwaka 1961. Mwezi Machi ulifanyika mkutano wa katiba Dar es Salaam, kati ya wajumbe wa Tanganyika na serikali ya Uingereza. Katiba ya Uhuru iliyotoka hapo ilifuata desturi ya Kiingereza: Malkia alibaki mkuu wa nchi, akawakilishwa na Gavana Jenerali, na Waziri Mkuu aliongoza serikali huku akitegemea imani ya Bunge. Waingereza walikuwa wakiweka orodha ya haki za binadamu katika katiba za makoloni waliyoyaachia. Tanganyika ilikataa. Hoja iliyotolewa ni kwamba majaji wengi walikuwa bado wageni, na kwamba serikali changa yenye kazi ya kuondoa umaskini, ujinga na maradhi ingeweza kuzuiwa na kesi mahakamani kila ilipotaka kutenda. Haki zikatajwa katika utangulizi tu, mahali ambapo mwananchi hawezi kuzidai mbele ya jaji.

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwezi Januari 1962 alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga upya chama. Katika miezi hiyo hiyo serikali ilitoa Waraka wa mapendekezo ya kuifanya nchi kuwa Jamhuri. Mwezi Novemba Bunge likajigeuza kuwa Bunge la Katiba na kupitisha Katiba ya Jamhuri. Tukumbuke jinsi Bunge lile lilivyokuwa: katika uchaguzi wa mwaka 1960, viti 70 kati ya 71 vilichukuliwa na TANU. Watu walewale waliokuwa serikalini na chamani ndio waliopendekeza, wakajadili, wakapitisha. Mwananchi wa kawaida hakupiga kura juu ya Katiba yenyewe. Alipiga kura ya kumchagua Rais, mwezi huo huo, na Mwalimu akapata zaidi ya kura milioni 1.1 dhidi ya elfu 21 hivi za Zuberi Mtemvu.

Katiba hiyo ilimfanya mtu mmoja awe mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu. Aliteua mawaziri, majaji na wakuu wa mikoa. Tena ilikuwa na kifungu kimoja kifupi ambacho sisi tunaona kina uzito kuliko vyote: kwamba Rais, isipokuwa pale sheria inaposema vinginevyo, atatenda kwa hiari yake na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote. Chini ya Katiba ya Uhuru, Gavana Jenerali alilazimika kufuata ushauri wa Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu angeweza kuangushwa na Bunge. Sasa madaraka ya wote wawili yaliwekwa mikononi mwa mmoja, na kamba zote mbili zikakatwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba watu wetu wanaelewa kiongozi mmoja, si wawili, na kwamba nchi inayojengwa inahitaji mkono wenye nguvu. Hoja hiyo si ya kubezwa. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, fedha kidogo, na majirani ambao walikuwa bado wanatawaliwa.

Mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa pia Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Ilimruhusu Rais kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa bila kushitakiwa, na mahakama haikuruhusiwa kuichunguza amri hiyo. Mwaka uliofuata machifu wakaondolewa madaraka yao nchi nzima, mamwene wetu pamoja na nyumba ya Burito kule Butiama. Katika hili hakuwapendelea ndugu zake.

Mwezi Januari 1964 ulimtikisa. Mapinduzi yalitokea Zanzibar tarehe 12, na tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles wakaasi. Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jambo lililomfedhehesha. Baada ya maasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na mahali pake kikaundwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Hata hivyo, tunaona pia Mwalimu mwingine. Waasi walifikishwa mbele ya mahakama maalumu, adhabu zikaonekana nyepesi mno kwa kosa kubwa kama lile, serikali ikasema wazi kwamba haikuridhika, lakini hukumu haikuiongeza. Mtu aliyeweza kumfunga yeyote bila kesi aliiheshimu kesi ilipokwisha kusikilizwa. Tumejaribu kuyaoanisha mambo hayo mawili darasani, na hatukufika mbali.

Ukaja Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Mkataba wake ulitaka Bunge la Katiba liitwe ndani ya mwaka mmoja. Likaahirishwa. Wakati huo tayari Tume chini ya Kawawa ilikuwa ikizunguka nchini kukusanya maoni juu ya mfumo wa chama kimoja. Hadidu za rejea zilikuwa wazi: Tume haikuulizwa kama nchi iwe na chama kimoja au la, iliulizwa tu chama kimoja cha namna gani. Hapa ndipo wale wazee wa Kizanaki walipoingia katika sheria ya nchi. Mwalimu aliamini kwamba taifa linaweza kukaa kama wazee wale, likazungumza mpaka likakubaliana, bila upande wa serikali na upande wa kupinga. Kwa maoni yetu hapo kuna pengo. Mzee wa Kizanaki aliyekataa kukubali hakuwa na mtu wa kumtia kizuizini. Wenzake walilazimika kuendelea kumbembeleza. Zaidi ya hapo, wazee walijuana. Ukiondoa hayo, mazungumzo yanayobaki ni ya namna nyingine.

Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliruhusu TANU peke yake Tanganyika na Afro-Shirazi Zanzibar, na Katiba ya TANU ikaambatanishwa na ya nchi. Ilidumu miaka 12, muda mrefu kwa kitu kinachoitwa cha muda. Haikuwa Katiba ya kidikteta mtupu. Katika kila jimbo walisimama wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi waliwaangusha wakubwa kwelikweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa mwaka huo huo. Tume ya Kawawa ilikataa tena orodha ya haki, lakini ikapendekeza kitu kipya, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo mwananchi aliyeonewa na ofisa angeipelekea malalamiko yake bure. Ilikuwa mbele ya nchi nyingi za Afrika. Lakini taarifa zake ziliishia mezani kwa Rais, na Rais mwenyewe haikuweza kumchunguza. Uzio ulijengwa kuwazunguka watumishi wote wa serikali isipokuwa mmoja.

Mmoja huyo alizuiwa na nini? Na dhamiri yake. Tunasema hivyo bila kejeli. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na kulalamikia mishahara, aliwafukuza, lakini papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa, naye aliishi hivyo. Hakujilimbikizia mali. Alikiri hadharani kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta.

Lakini dhamiri hiyo hiyo iliridhia vizuizi. Oscar Kambona, mwenzake wa tangu mwanzo wa TANU, alipokimbilia Uingereza mwaka 1967, ndugu zake Otini na Mattiya walikamatwa na kukaa kizuizini miaka mingi bila kufikishwa mbele ya jaji. Hatuwezi kuliandika hili kama jambo dogo kwa sababu tu aliyetia sahihi alikuwa akisali rozari. Mtu aliyefungwa hivyo hakuwa na mahali pa kukata rufaa isipokuwa kwa yule yule aliyemfunga.

Wasomaji wetu wa parokiani huenda wakauliza Kanisa lina nini cha kusema katika mambo ya katiba. Lina ya kale sana. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 17, Waisraeli wanaruhusiwa kuwa na mfalme, lakini mara moja anawekewa masharti: asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu, na akiketi katika kiti chake ajiandikie nakala ya sheria, aisome siku zote, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Ona kwamba sheria haimngojei mfalme mbaya. Inamfunga yeyote atakayekuja. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, katika kitabu alichomwandikia mfalme wa Kupro, anashauri kwanza achaguliwe mtu ambaye hana tabia ya kuwa dhalimu, halafu papo hapo anaongeza kwamba serikali ipangwe hivi kwamba hata akitaka nafasi asiipate, na madaraka yake yapunguzwe makali. Thomas anataka yote mawili, mtu mwema na uzio. Tanganyika ya mwaka 1962 ilichukua la kwanza.

Katiba tunayoitumia leo ilipatikana haraka. TANU na Afro-Shirazi ziliungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM. Kamati ya watu 20, kumi kutoka kila upande, chini ya Sheikh Thabit Kombo, iliyokuwa imeandaa katiba ya chama kipya, ndiyo iliyopewa pia kazi ya kuandaa Katiba ya nchi. Bunge likageuzwa tena kuwa Bunge la Katiba, na mwezi Aprili kazi ikawa imekwisha. Kile kifungu cha mwaka 1962 juu ya ushauri kikaingia humo kama kilivyokuwa.

Miaka ya mwisho ya urais wake ndiyo inayotuvutia zaidi. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ya serikali za mitaa inayotumika mpaka sasa vijijini kwetu. Kwa sheria hiyo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli kuu, na unapaswa kukutana angalau kila miezi mitatu. Mwenyekiti wa kijiji pale Ivuna anasimama, mapato na matumizi yanasomwa, na mama aliyetoka kuchemsha chumvi ana haki sawa na mwalimu wa shule ya kumuuliza fedha imekwenda wapi. Wakati ule mwenyekiti wa kijiji alikuwa na watu wa kumuuliza kuliko aliyekuwa nao Rais.

Mwaka uliofuata Halmashauri Kuu ya CCM ilifungua mjadala wa kubadili Katiba. Ulikuwa mjadala wa moto, hasa kuhusu Zanzibar, na mwezi Januari 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu. Lakini mabadiliko yaliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 1984 yalikuwa na mambo mawili ambayo nchi haikuwahi kuwa nayo. Kwanza, Rais asitawale zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano. Pili, orodha ya haki za binadamu ikaingia ndani ya Katiba yenyewe, ile iliyokataliwa mwaka 1961 na tena mwaka 1965. Serikali ilijipa muda wa kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mahakama hazikuanza kusikiliza kesi za haki hizo mpaka mwezi Machi 1988, Mwalimu akiwa ameshaondoka Ikulu. Mtu anaweza kusema aliwafunga waliomfuata na kamba ambayo hakuivaa yeye. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna aliyekuwa na nguvu za kumlazimisha.

Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi. Afrika wakati ule marais walitoka Ikulu kwa mtutu au kwa jeneza. Senghor wa Senegal, Mkatoliki mwenzake, alikuwa miongoni mwa wachache waliotangulia kuondoka kwa hiari. Mwaka 1990 Mwalimu aliacha pia uenyekiti wa CCM, akaanza kusema kwamba mjadala wa vyama vingi usiogopwe. Rais Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1991. Karibu watu wanne kati ya kila watano waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikataka Katiba mpya iandikwe, na ikaorodhesha sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa, ile ya kizuizini ikiwamo. Mabadiliko ya mwaka 1992 yaliruhusu vyama, na kwa mara ya kwanza yakalipa Bunge uwezo wa kumshitaki Rais na kumwondoa. Katiba mpya haikuandikwa.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Joseph Warioba, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali yake, aliongoza Tume ya mwaka 2012 iliyopendekeza kupunguza madaraka ya Rais, kwa mfano mawaziri wathibitishwe na Bunge. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilibadili mengi katika rasimu hiyo, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Kifungu cha ushauri bado kipo. Yeyote mwenye nakala ya Katiba atakikuta katika ibara ya 37, mwanzoni kabisa.

Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa Jimbo la Musoma, na ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Katika mchakato wa namna hiyo Kanisa halitosheki na mashahidi wanaompenda marehemu. Huteuliwa Mtetezi wa Haki, padre ambaye kazi yake ni kuandaa maswali magumu na kuhakikisha kwamba hata wenye manung'uniko wanasikilizwa. Sheria ile ya mwaka 1962, pamoja na majina ya waliofungwa chini yake, ni miongoni mwa mambo yanayostahili kuwekwa mbele yake.